Nauli ya Kutafuta Kazi

Mtu asiye na kazi Nairobi ana matumizi makubwa kuliko wengi wanavyodhani. Ondoa chakula, ondoa kodi ya nyumba. Nazungumzia gharama za kutafuta kazi yenyewe. Nauli. Bando. Kuchapisha barua na vyeti saiba, duka la intaneti. Stakabadhi za serikali. Viatu ambavyo askari wa getini akivitazama hakuulizi umefuata nini. Tangu nimalize chuo nimepewa ushauri na watu wengi, wengi wao wakinipenda kwa dhati, na karibu wote wamenipa neno lile lile: vumilia, endelea kutafuta. Mjomba wangu wa Voi kila tukiongea kwa simu hunikumbusha kwamba mtafutaji hachoki, akichoka keshapata. Namheshimu mjomba. Lakini katika kusaga lami kwangu nimewaona watafutaji wengi ambao hawakuchoka na hawakupata. Waliishiwa.

Kuishiwa huko ndiko nataka kukueleza, kwa sababu sioni kukizungumzwa. Tunasikia kwamba vijana wanachagua kazi, kwamba tulisomea kozi zisizo na soko, kwamba hatuna subira. Mara chache nasikia mtu akiuliza: kutafuta kazi mwezi mzima Nairobi kunagharimu shilingi ngapi, na nani analipa?

Upande wangu, aliyelipa ni mama yangu, anayeuza ndizi na mboga sokoni Voi, na shangazi yangu wa mtaa wa Umoja, Nairobi, aliyenipokea baada ya mahafali. Shangazi ana vyumba viwili na watoto watatu. Alinitandikia godoro sebuleni akasema, "Hapa ni kwenu, mwanangu, ukipata kazi utaniambia." Hakuniuliza tena. Hata leo naona ile ilikuwa heshima kubwa kuliko zote nilizopewa katika kipindi hicho, kwa sababu kila mtu mwingine aliuliza.

Nilisomea takwimu. Nilidhani ni kozi salama. Nchi inayojihesabu kila baada ya miaka kumi, yenye benki, bima, hospitali na mashirika ya utafiti kila kona ya Upper Hill na Westlands, ingekosaje mahali pa mtu anayejua kuhesabu?

Tuanze na stakabadhi. Tangazo la kazi la serikali, na mengi ya mashirika pia, lilikuwa linakuja na orodha ambayo kila mhitimu anaijua kwa moyo. Cheti cha mwenendo mwema kutoka kwa Idara ya Upelelezi wa Jinai, cheti cha ushuru kutoka mamlaka ya mapato, KRA, kibali cha Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, yaani HELB, kibali cha Tume ya Maadili na Kukabiliana na Ufisadi, na cheti cha CRB, ofisi inayoweka rekodi za wakopaji, kuonyesha kwamba hujashindwa kulipa mkopo. Watu huziita stakabadhi za Sura ya Sita, kwa sababu Sura ya Sita ya Katiba ya 2010 ndiyo inayohusu uongozi na uadilifu. Sura hiyo iliandikwa kwa ajili ya viongozi. Ikateremka ngazi moja baada ya nyingine hadi ikamfikia msichana wa miaka ishirini na tatu anayeomba kazi ya kuingiza data kwenye kompyuta.

Baadhi ya stakabadhi hizo hutolewa bure. Cheti cha mwenendo mwema kinalipiwa shilingi 1,050, na cheti cha CRB shilingi 2,200. Hata hizo za bure zina gharama: unajaza mtandaoni, na kama simu yako ni ndogo unakwenda saiba ulipie dakika, unachapisha fomu. Na kwa cheti cha mwenendo mwema unapanda matatu hadi Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali, kuchukuliwa alama za vidole. Mimi nilikwenda ile ya GPO, Kenyatta Avenue. Foleni ile ilikuwa na watu wa rika langu mwanzo hadi mwisho, kila mmoja na bahasha ya kaki kifuani, na tulipotoka tulikuwa tukifuta wino mikononi kwa karatasi moja tuliyopeana. Niliwaza ni mama wangapi wametuma pesa asubuhi ile ili foleni hii isimame hapa.

Na sheria ilishabadilishwa. Mwaka 2022 Sheria ya Ajira ilirekebishwa ili mwajiri asimdai mtu stakabadhi hizi mpaka awe na nia ya kumwajiri. Ni marekebisho mazuri sana na nawashukuru walioyapigania. Hata hivyo matangazo niliyoendelea kuyasoma baada ya hapo yalizidai tu, tena yakaongeza kwamba asiyeziambatisha hatazingatiwa. Mwenye njaa hana nguvu ya kumwandikia mwajiri barua ya kumkumbusha sheria. Analipa 2,200.

Kisha kuna simu. Asiyewahi kuingoja hawezi kujua inavyokuja. Inapigwa jioni, namba usiyoijua, sauti ya haraka: uje kesho saa mbili asubuhi, jengo fulani, Mombasa Road. Unasema ndiyo kabla hujafikiria. Ukishakata ndipo unahesabu. Kutoka Umoja ni matatu mbili kwenda na mbili kurudi. Nauli ya asubuhi si nauli ya saa nne, na mvua ikinyesha makanga anataja bei yoyote na watu wanaingia. Nguo zipo, maana shangazi alinipeleka soko la mitumba la Gikomba tukapata koti jeusi zuri sana la kunitosha. Nauli ndiyo haipo. Kwa hiyo unampigia mama.

Mama hajawahi kuniambia hana. Hutuma mia tatu, mia nne, "na ya kutolea", ndivyo anavyosema daima, ameshahesabu ada ya M-Pesa ili nisipungukiwe. Ukimjua mwanamke anayeuza ndizi kwa fungu utajua mia nne ni mafungu mangapi. Nilikuwa nikikaa kwenye kiti cha chumba cha kungojea, na wenzangu ishirini au thelathini tukiwania nafasi moja, huku kichwa kikipiga hesabu za sokoni Voi. Wengi wa waliotuita hawakutujibu kamwe. Hata ujumbe mfupi wa kusema "samahani, tumempata mwingine" haukuja. Hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu ujumbe ule unagharimu shilingi moja.

Sitasema mengi kuhusu matapeli, kwani kila mtu ana hadithi yake. Wanatangaza kazi, wanakuita kwenye ofisi ya kukodi, wanataka elfu moja ya faili au ya uchunguzi wa daktari, na wiki inayofuata mlango umefungwa. Mwenzangu mmoja walimchukulia pesa alizokuwa amekopa. Nitasema tu kwamba mawakala wa ajira wanatakiwa kusajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, na mtu anaweza kuuliza kabla ya kutoa senti. Uliza.

Kinachochuja watu Nairobi kuliko kitu chochote, kwa maoni yangu, ni mafunzo ya kazini yasiyo na malipo. Kila tangazo linataka uzoefu wa miaka miwili au mitatu. Uzoefu unaupata wapi? Njoo ufanye kazi miezi sita bila mshahara, wanakwambia, ni fursa ya kujifunza. Nilipewa fursa hiyo na kampuni moja ya utafiti Westlands. Kazi ilikuwa ya kweli kabisa: kusafisha data, kuchora majedwali, kuandika sehemu za ripoti ambazo mteja alizilipia. Hakukuwa na nauli wala chakula cha mchana. Tulikuwa wanne, na kabla ya mwezi wa pili kuisha walibaki wawili. Waliobaki ni wale ambao wazazi wao wanaishi Nairobi, wanaoamka kwao, wanakunywa chai kwao, na mmoja aliletwa na gari la baba yake. Walikuwa wachapakazi na nawapenda. Lakini mimi na kijana mmoja wa Siaya, tulioondoka, hatukuwa wavivu. Miezi sita ilipoisha, hao wawili walikuwa na barua ya kuonyesha uzoefu, na sisi hatukuwa nayo, na kila mwajiri atakayesoma sivii zetu baadaye ataamini ameona tofauti ya uwezo.

Katiba yetu, Ibara ya 41, inasema kila mfanyakazi ana haki ya ujira unaofaa. Ibara ya 55 inaitaka serikali ichukue hatua vijana wapate ajira. Mpango wa mafunzo wa Tume ya Utumishi wa Umma ulikuwa ukilipa posho ya shilingi 25,000 kwa mwezi, kwa mwaka mmoja, na nilimwona jirani yetu wa Umoja akibadilika kwa posho hiyo: alikodi chumba, akanunua kompyuta ndogo, akaanza kuomba kazi kama mtu anayejua kesho atakula. Basi inawezekana kumfunza mtu huku ukimlipa. Kampuni zinazosema haiwezekani zinawalipa watu wote wengine jengoni, hata wanaomwagilia maua.

Baada ya hapo nilipata vibarua vya kukusanya data. Hii ndiyo kazi inayowalisha wengi waliosoma kama mimi. Shirika linapata mradi, linaajiri vijana kwa wiki moja au mbili, mnafunzwa maswali, mnapewa programu kwenye simu, mnatumwa nyumba kwa nyumba. Malipo ni ya siku. Mradi ukiisha, unarudi nyumbani kusubiri mwingine.

Mmoja wa miradi hiyo ulitupeleka Mukuru kwa Njenga, kuuliza kuhusu kazi. Nilikuwa nimeyasoma maswali yale darasani, nikayajibu kwenye mitihani. Katika siku saba zilizopita, ulifanya kazi yoyote ya malipo au ya faida, hata kwa saa moja tu? Kama hapana: katika wiki nne zilizopita, ulifanya jambo lolote kutafuta kazi? Nilimkuta kijana mmoja ameketi nje ya nyumba ya mabati akichaji simu kwa jirani. Alikuwa na stashahada ya uhandisi wa umeme. Swali la kwanza akasema hapana. La pili akanitazama kwa muda.

"Sista, kutafuta wapi? Nauli ya kutafuta ntatoa wapi?"

Nikabonyeza "hapana". Programu ikanirusha hadi sehemu nyingine ya maswali, kama ilivyotakiwa.

Nisimame hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo somo langu na maisha yangu yalipokutana. Kwa kipimo kinachotumika duniani, na ambacho Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, pia hukitumia, mtu asiye na ajira ni yule ambaye hana kazi, yuko tayari kuifanya, na ametafuta. Aliyefanya kazi ya malipo hata saa moja ndani ya wiki anahesabiwa ana kazi. Asiyetafuta anawekwa nje ya kundi la wasio na ajira. Kipimo hiki kina sababu zake na sikidharau. Bila mstari kama huo huwezi kulinganisha mwaka na mwaka wala nchi na nchi. KNBS imewahi kuchapisha pia kipimo kipana kinachowajumuisha walioacha kutafuta. Lakini takwimu inayotajwa redioni na kwenye majukwaa ni ile nyembamba, na ndani yake kijana yule wa Mukuru hayumo. Nauli ilipomwishia, alitoka pia kwenye hesabu.

Nami nilitoka. Kulikuwa na kipindi, mama akiwa mgonjwa wa kifua na kibanda kimefungwa, ambapo sikuomba kazi yoyote. Sikuwa na bando la kufungua tangazo. Nilikuwa nikiamka mapema, naosha vyombo vya shangazi, nawapeleka watoto shule, narudi. Mtu angekuja mlangoni na maswali yale, ningejibu hapana na hapana, na ningehesabiwa kama mtu asiyehitaji chochote sokoni. Nilikuwa nahitaji kazi kuliko wakati wowote maishani mwangu.

Hata ukitafuta kwa nguvu zote, nafasi zenyewe zikoje? Ripoti ya uchumi ya KNBS ya 2025 inasema mwaka 2024 nchi ilipata ajira mpya 782,300. Kati ya hizo, 703,700 zilikuwa za sekta isiyo rasmi: jua kali, vibanda, bodaboda. Zinabaki chini ya 80,000. Sasa weka kando yake namba nyingine ya mwaka huo huo: watahiniwa 246,391 wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, walipata C+ au zaidi, alama ya kuingilia chuo kikuu. Hawa wataingia sokoni baada ya miaka minne, juu ya sisi tuliopo. Anayemwambia mmoja wao kwamba ajitahidi zaidi hajakosea. Kujitahidi kunasaidia mtu mmoja kumpita mwenzake kwenye foleni. Hakuongezi nafasi hata moja mbele ya foleni.

Siidharau jua kali. Mama yangu ni jua kali na ndiye aliyenisomesha. Kinachonikera ni kuisikia ikitajwa kama dawa ya haraka kwa wahitimu, "jiajirini", na watu ambao hawajawahi kununua kreti ya ndizi kwa mkopo. Kuanzisha biashara kunataka mtaji, na sisi hata mtaji wa kufika kwenye mahojiano tunauomba.

Halafu kuna deni. Mkopo wa HELB unaanza kudaiwa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Riba yake ni asilimia 4 kwa mwaka, nafuu kuliko benki yoyote, na bila mkopo ule nisingefika mwaka wa pili. Pesa hizo zinapaswa kurudi ili zimsomeshe mwingine, hilo naliamini. Tatizo ni faini ya shilingi 5,000 kwa mwezi kwa anayechelewa. Elfu tano ni zaidi ya niliyopata katika miezi mingi. Kumtoza mtu faini kwa sababu hana kazi, halafu kutaka kibali cha deni hilo hilo ili umfikirie kwa kazi, ni utaratibu unaohitaji kubadilishwa na Bunge, na ningependa wabunge wanaotuomba kura Umoja na Voi waulizwe msimamo wao.

Siku hizi bado nafanya vibarua vya data, na vimeongezeka kidogo. Mwaka jana, mimi na wachache tuliosoma pamoja tulianzisha chama. Kila Jumapili kila mmoja anatuma shilingi mia moja kwa mweka hazina. Pesa hazigawiwi kwa zamu kama vyama vya akina mama. Hupewa yeyote aliyeitwa kwenye mahojiano, siku hiyo hiyo, bila kuulizwa maswali mengi, zimtoshe nauli ya kwenda na kurudi na chai. Anayepata kazi huendelea kutuma, mara tano ya kiwango, kwa mwaka mmoja. Waliopata wamekuwa wakituma, isipokuwa mmoja aliyenyamaza, na hatujamfuata. Yule kijana wa Siaya niliyefanya naye kazi Westlands ni mwanachama, na kwa pesa za chama alifika Thika kwenye mahojiano ya kiwanda kimoja, wakamchukua.

Kukutana, tunakutana Bustani ya Jeevanjee kwa sababu viti vyake ni bure na hatulazimiki kununua chochote ili tuketi. Jumapili hii tuna jambo gumu. Mwenzetu mmoja ameitwa mahojiano na ameambiwa aje na cheti cha CRB mkononi, kabla ya kupewa ahadi yoyote. Ameomba chama kimlipie zile 2,200. Wengine wanasema tumpe. Mimi nimepanga kusema tusimpe, tumsaidie kuandika barua ya heshima kwa mwajiri kumweleza sheria ya 2022, kwa sababu 2,200 ni nauli ya karibu watu tisa na kila tukilipa tunawazoesha waajiri kudai. Najua nitajibiwa kwamba barua kama hiyo inaweza kumkosesha nafasi, na sina hakika kwamba haitamkosesha. Mahojiano yake ni Jumatano, kwa hiyo lazima tuamue Jumapili hiyo hiyo.